Kibali cha tamasha la mtaani: fomu yetu ilirudishwa kwa sababu ya mstari mmoja

Kona_ya_Pili (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Naona watu wengi humu wanauliza jinsi ya kupata kibali cha kufunga barabara ya mtaa kwa siku moja ili majirani wafanye tamasha lao: muziki, michezo ya watoto, meza za wauzaji wadogo. Sisi tumepata chetu juzi baada ya kurudishwa mara mbili. Nimeona niandike kingali kibichi.

Kamati yetu ina watu tisa. Tulikaa vikao vinne tukibishana rangi ya mabango, nani afungue shughuli, nani aimbe. Fomu ya maombi tukamwachia kijana mmoja aijaze usiku wa mwisho. Tukaipeleka ofisi ya vibali na barua nzuri yenye maneno kama "mshikamano" na "kudumisha ujirani mwema". Ikarudi na duara la kalamu nyekundu kwenye mstari mmoja tu: *Jina la mhusika na namba ya simu itakayopokelewa muda wote wa shughuli.* Sisi tulikuwa tumeandika "Kamati ya Maandalizi".

Nikaenda mwenyewe dawatini kuuliza tatizo ni nini. Yule mama aliyekuwa zamu hakunipa hotuba. Alisema, "Mtu akilalamika saa nne usiku kwamba mtoto wake halali, nampigia nani? Kamati haina sikio."

Nikacheka, halafu nikarudi nyumbani nikiwa nimenywea. Ni kweli, kati ya watu tisa hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari jina lake liandikwe pale. Mmoja akasema yeye atakuwa bize jukwaani. Mwingine akasema simu yake haikai na chaji. Mwenyekiti akasema yeye ni mlezi tu. Hapo ndipo nilipojua tulikuwa tunaomba sherehe isiyo na mwenyewe.

Mwisho jina likaandikwa langu. Na jina lako likishakuwa pale unaanza kuona mambo uliyokuwa huyaoni. Siku iliyofuata nilichukua futi ya fundi, nikamshikisha mtoto wa jirani ncha ya pili, tukapima mtaa wetu. Kipande tulichotaka kufunga kina urefu wa mita 80 na upana wa mita 7. Hesabu rahisi: mita za mraba 560. Kwenye barua tulikuwa tumeandika "tunatarajia watu 1,000 au zaidi", kwa kujisifu tu.

Sasa angalieni. Ukiacha njia ya mita 4 ipite gari la zimamoto au la wagonjwa kutoka mwanzo hadi mwisho, umeshatoa mita za mraba 320. Zimebaki 240. Toa jukwaa, mahema na meza, kwetu zilikula kama 90. Zimebaki 150. Ukiweka watu wawili kwa kila mita ya mraba, ambao wanaweza kugeuka na kupishana bila kusukumana, unapata watu 300. Mia tatu! Sisi tulikuwa tumewaalika elfu moja kwa maandishi na muhuri.

Tukabadilisha ombi. Watu 300 kwa wakati mmoja, muziki mwisho saa 3 usiku, jukwaa limesogezwa, jina moja na simu moja. Likapita. Shughuli ni Jumamosi. Naomba kuwasilisha, na mwenye uzoefu aongeze nyama.

---

MpangajiGhorofani

Mleta uzi umeandika vizuri ila naomba nikuulize upande wa pili. Mimi niliyepanga hapo mtaani, ninayefanya kazi zamu ya usiku na kulala mchana, mliniuliza? Au "jamii" ni wale walio kwenye grupu la WhatsApp?

Mtaa niliokuwa nikiishi zamani walifanya tamasha, wakatubandikia karatasi getini siku mbili kabla. Gari yangu ikafungiwa ndani saa kumi na moja. Nilipokwenda kuomba nipishwe niliambiwa "jirani, leo ni siku ya furaha". Furaha ya nani?

---

Kona_ya_Pili

Swali zuri, na halijaniudhi. Kwa kweli raundi ya kwanza hatukuuliza mtu. Raundi ya pili tulipita nyumba kwa nyumba, wawili wawili, jioni mbili mfululizo. Ghorofa lina milango ishirini na kitu, tukabisha kila mlango, si kumwachia mlinzi karatasi.

Na ndiko tulikojifunza mengi. Nyumba ya tatu kutoka konani anaishi mzee anayesafishwa damu hospitali mara tatu kwa wiki. Jumamosi ni mojawapo. Anarudi jioni akiwa hoi, hawezi kutembea kutoka mwisho wa mtaa. Nimeishi hapa miaka sita, nasalimiana naye, sikuwahi kujua. Kwa hiyo ile njia ya mita 4 siyo ya zimamoto peke yake. Ni ya gari linalomrudisha mzee, na kuna mtu amepewa kazi moja tu siku hiyo: kuhakikisha hakuna meza wala kiti kinachoingia kwenye njia.

Waliokataa walikuwa wanne. Wawili walikubali tulipotaja saa ya kumaliza. Mmoja alitaka spika zisielekee kwake. Wa nne hataki tu, na ana haki yake.

---

Fundi_Sauti

Hapo kwenye spika ngoja niseme mimi, maana ndiyo kazi inayonilisha.

Watu wengi wanaandika kwenye ombi "muziki wa kiasi". Kiasi cha nani? Kwa kipimo, ukiongeza desibeli 10 sikio linasikia kama sauti imekuwa mara mbili. Na mahali pa wazi, kila ukizidisha umbali mara mbili sauti inashuka kama desibeli 6. Lakini mtaa wenye kuta pande mbili siyo mahali pa wazi. Sauti inagonga ukuta, inarudi, inapita kwenye uchochoro kama maji kwenye mfereji. Mlalamikaji wa kwanza mara nyingi siyo wa mbele ya jukwaa. Ni yule wa nyuma ya nyumba ambaye hata hakujua kuna tamasha.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa kelele za mitaani mwaka 1999 lilitaja desibeli 30 ndani ya chumba cha kulala ili mtu alale vizuri. Hiyo ni karibu na mnong'ono. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba utapiga muziki wa jukwaani na jirani alale fofofo. Hatalala. Ndiyo maana saa ya kumaliza ina uzito kuliko kiwango cha sauti.

Ya kufanya: spika ndogo nyingi zilizosambazwa badala ya mbili kubwa zinazopiga kutoka mwisho mmoja. Zitazame chini kwa watu, siyo mbele kwa madirisha ya ghorofa. Na besi, jamani, besi. Sauti nyembamba inazuiwa na dirisha. Besi inapita ukutani na inakuja kumtikisia mtu kikombe kabatini. Mteja akiniambia mtaa wa makazi, spika za besi napunguza nusu kabla hata hajaniuliza. DJ atanuna. Mwache anune.

Na kipimo kichukuliwe dirishani kwa jirani, siyo kwenye meza yangu. Mezani kwangu kila kitu kipo sawa siku zote.

---

Kijiwe_Boy

Mimi sina la kuchangia, nauliza tu meza ya msosi iko upande gani 😂

---

Pita_Njia

Mnajichosha bure. Hizi fomu ni za kusumbua watu. Ukijua mtu ofisini unampelekea ya chai, kibali unapata mchana huo huo. Watu 300 sijui mita za mraba, nani anahesabu?

---

Dawati_Mstaafu

@Pita_Njia, nimekaa upande wa pili wa dawati hilo miaka mingi, nimestaafu, siogopi kusema. Karatasi uliyonunua inakupa ruhusa ya kufungua. Haikupi chochote siku mambo yakiharibika. Mtu akiangukiwa na nguzo ya hema, kampuni ya bima inaomba mpango wa usalama, ramani na idadi ya watu. Hawaulizi kibali kilitoka siku ngapi. Usipokuwa na hivyo vitatu, deni la yule majeruhi linaweza kuhamia kwa aliyesaini.

Halafu niwasahihishe kidogo wengine. Mnasema "kibali" kama ni kimoja. Sehemu nyingi ni kifurushi. Kuna kufunga barabara, hiyo ni ya wenye barabara pamoja na polisi wa usalama barabarani. Kuna sauti na burudani. Kuna kuuza chakula, na watu wa afya wana masharti yao. Pombe karibu kila nchi ina leseni yake peke yake, na hiyo ndiyo inayochelewesha maombi mengi. Ushauri wangu kwa tamasha la kwanza, iacheni. Kuna jukwaa na mahema, ambayo mtu mwenye ujuzi anatakiwa ayakague yakishasimama, siyo yakiwa bado kwenye lori. Na kuna lile ambalo kila mtu analisahau: haki za wanamuziki. Kupiga nyimbo za watu hadharani kunahitaji ruhusa ya chama kinachokusanya mirabaha (malipo ya wenye nyimbo), hata kama hamtozi kiingilio.

Muda nao. Kila nchi ina siku zake. Uingereza kwa mfano, chini ya sheria yao ya leseni ya mwaka 2003, shughuli ndogo isiyozidi watu 499 inahitaji taarifa tu, lakini iwe imefika siku 10 za kazi kabla, na polisi na watu wa afya ya mazingira wanapewa siku 3 za kazi kupinga. Hiyo ni taarifa ya burudani na vinywaji peke yake. Kufunga barabara wanaomba kwingine. Angalieni walivyogawanya: mdogo anatoa taarifa, mkubwa anaomba leseni kamili. Kwenu kama mgawanyo huo upo, pangeni shughuli ibaki upande wa udogo. Mnaokoa miezi.

Kosa nililoliona mara nyingi kuliko yote ni hilo la mleta uzi. Mahali pa jina pameandikwa "uongozi", "vijana", "wakazi". Nilikuwa nazirudisha bila kusoma ukurasa wa pili.

---

Mwokozi_wa_Zamu

Nafanya kazi ya huduma ya kwanza kwenye mikusanyiko. Hilo la jina lina sababu nzito kuliko malalamiko ya kelele.

Seoul, mtaa wa Itaewon, tarehe 29 Oktoba 2022. Watu 159 walipoteza maisha kutokana na msongamano kwenye uchochoro wenye upana wa mita 3 na kidogo. Halikuwa tamasha lenye mwenyewe. Vijana walikuja tu, kila mmoja kwa miguu yake, kusherehekea Halloween, ile sikukuu ya mavazi ya kutisha. Kwa vile hapakuwa na mwandaaji, hapakuwa na ombi, na kwa vile hapakuwa na ombi hapakuwa na mtu aliyetakiwa kuchora mpango wa watu kuingia na kutoka. Simu ya kwanza kwa polisi ya mtu kusema "hapa watu watakufa kwa kubanana" ilipigwa saa 12:34 jioni. Msiba ulitokea baada ya saa 4 usiku. Zilipigwa simu 11 katikati hapo. Simu zilikuwepo, wa kusimamisha watu hakuwepo.

Na msidhani kuwa na mwandaaji peke yake kunatosha. Duisburg, Ujerumani, Julai 2010, tamasha la Love Parade lilikuwa na mwandaaji, kibali na mihuri yote. Watu waliingilia na kutokea njia moja iliyopita kwenye mahandaki. Walikufa 21.

Kwa hiyo mleta uzi, hesabu yako ya watu wawili kwa mita ni nzuri. Wakifika wanne au watano, mtu hachagui tena anapokwenda. Wakizidi sita wanaanza kuyumba wote kama mawimbi, na aliyeko nyuma hajui kwamba wa mbele hapumui. Swali langu: mtaa wako una njia ngapi za kutokea? Na jukwaa mmeliweka wapi?

---

Kona_ya_Pili

Mkuu umenifanya niinuke kitini.

Tuna njia mbili, kila ncha moja, na uchochoro katikati upande wa kushoto. Jukwaa awali lilikuwa linaziba ncha moja kabisa, kwa sababu "linapendeza likiwa mwisho wa mtaa". Ndilo lililofanya ombi lirudi mara ya pili. Sasa liko ubavuni, kwenye ukuta wa karakana iliyofungwa, na ncha zote mbili ziko wazi. Uchochoro nilikuwa nimeupangia mahali pa kuweka makreti na jenereta. Kesho nayahamisha.

---

Mwokozi_wa_Zamu

Hamisha leo.

---

MpangajiGhorofani

Nawasoma. Niseme ukweli, mnanilainisha kidogo. Lakini naona hatari nyingine. Mwaka huu 300, mwakani 3,000. Ile kanivali ya Notting Hill pale London ilianza na tamasha la mtaani la watoto mwaka 1966. Leo siku mbili za Agosti baadhi ya wakazi wanapigilia mbao madirishani na kuhama. Sisemi ni mbaya, watu wanaipenda dunia nzima. Nasema wakati inakua nani aliwauliza wanaoishi pale?

---

Dawati_Mstaafu

Ndiyo maana kibali ni cha siku moja na siyo cha milele. Mwakani mnaomba upya na malalamiko ya mwaka huu yako kwenye faili. Tena nakushauri: kama una pingamizi, liandike kabla, tena kwa kitu kinachopimika. "Napinga kelele" linasomwa na kuwekwa pembeni. "Naomba muziki usianze kabla ya saa 9 alasiri kwa sababu nalala mchana na kuingia kazini saa 4 usiku" linageuka sharti kwenye kibali.

---

Bi_Ujirani

Mimi niko tofauti na nyote. Kwa nini lazima jukwaa? Paris mwaka 1999 walianzisha sikukuu ya majirani, watu wanatoa meza na viti, kila mtu na sahani yake, wanakaa chini ya jengo lao na kuongea. Imeenea nchi nyingi. Haina DJ. Sisi kwetu bila spika tunaona kama hakuna shughuli, halafu tunashangaa kwa nini kibali ni kigumu. Ombi likiwa na meza na viti tu, nusu ya kurasa za fomu zinabaki tupu.

---

Kijiwe_Boy

Bi Ujirani bila muziki mimi nabaki ndani nimelala 😂 ila hoja imefika

---

Fundi_Sauti

Bi Ujirani ananitoa kazini hadharani. Lakini hajakosea.

---

Kona_ya_Pili — MREJESHO

Wakuu, imepita. Nilisema nitarudi, nimerudi.

Tulifunga saa 6 mchana, tukafungua saa 4 kasoro usiku. Kwenye ncha mbili tuliweka vijana wenye vibonyezo vya kuhesabia, wa kuingia na wa kutoka, wanapeana namba kila robo saa. Tulifika 280 na kitu kwenye saa 12 jioni, tukasimamisha wanaoingia kama dakika kumi na tano hivi. Wapo waliokasirika. Mmoja aliniuliza kwa nini namzuia kuingia mtaani kwa dada yake. Nikamwambia dada yake aje amchukue, akaja, akaingia.

Mzee alirudi saa 11 na nusu. Gari likapita mwendo wa kinyonga kwenye njia yetu, watoto wakapisha, na dereva akawa anaangalia pande zote kama haamini. Mzee alishusha kioo akapunga mkono. Aliyekuwa jukwaani akaacha kuimba mwenyewe bila kuambiwa.

@MpangajiGhorofani, najua huishi kwetu, lakini tunaye mwenzako, anaingia zamu ya usiku. Tulimwahidi mchana hakuna spika mpaka saa 9. Muziki wa saa za mwanzo ukawa ngoma ya mkono upande wa mbali na dirisha lake. Sijui kama alilala. Hakupiga simu.

Sasa simu. Zilikuwa mbili. Ya kwanza saa 2 usiku, yule jirani wa nne asiyetaka, akasema besi inaingia chumbani. Nikatembea hadi kwake na fundi, tukasimama barazani kwake, ikawa kweli. Ikapunguzwa hapo hapo.

Ya pili imeniaibisha. Saa 5 kasoro usiku, muziki umezimwa saa nzima na nusu, nimevua viatu, najisifu. Simu inaita. Ni mama wa nyumba ya uchochoroni: "Mmemaliza au bado?" Nikasema tumemaliza mama. Akasema, "Basi hii inayonguruma chini ya dirisha langu ni nini?"

Jenereta. Tulilihamisha kutoka uchochoroni kama mlivyonishauri, tukaliweka nyuma ya jukwaa, halafu jioni mtu akalirudisha kule ili lori lipite kubeba mahema. Kila mmoja akadhani mwenzake atalizima. Ramani tulikuwa nayo, saa ya muziki tulikuwa nayo, lakini mstari wa nani anazima jenereta haukuwepo popote. Nilikwenda na kandambili kulizima mwenyewe.

---

Dawati_Mstaafu

Hilo lingekuja kwetu Jumatatu kama barua. Lilikuja kwako kama simu. Una bahati.

---

Mwokozi_wa_Zamu

Na lori lilipita kukiwa na watu bado barabarani?

---

Kona_ya_Pili

Walikuwa wachache, tukawatoa njiani kwanza. Lakini swali nimelielewa. Mwakani lori linasubiri mpaka mtaa uwe mtupu.

---

Mgeni_Jamvini

Samahani nimechelewa kuingia. Mtaa wetu upana ni mita 5 tu, nyumba pande zote. Nikiacha njia ya mita 4 nabaki na mita moja. Nifanyeje?

---

Dawati_Mstaafu

Hapo barabara haitoshi tamasha. Tafuteni uwanja wa shule au kiwanja cha wazi, mtaani mpite na maandamano ya watoto tu na kumaliza. Kabla hujaandika ombi niambie kwanza, jina litakuwa la nani?

---

Mgeni_Jamvini

Ngoja nikawaulize.